Kuunda na Kupaka Rangi Modeli za Plastiki kwa Hewa ya Pemba: Mwongozo Kamili

Land Rover yangu ya kwanza ilikuwa ya kijani mpaka saa mbili za usiku. Ilipofika saa mbili na robo ilikuwa nyeupe, kana kwamba imemwagiwa majivu. Nilishaunganisha vipande vyote, nilishapaka rangi, kazi ya wiki sita, na kilichobaki ni kupuliza vanishi ya kuondoa mng'aro. Ulikuwa mwezi wa Aprili, hapa Wete, mvua ya mchana imekatika muda mfupi kabla ya magharibi na kuta zinatoka jasho. Nilitikisa kopo nikapuliza. Kisha nikakaa nikiuangalia ukungu ule unavyopanda juu ya boneti, nisijue niufute au niuache.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Vanishi ya kopo hukauka upesi, na inapokauka huondoka na joto la kitu kilichopulizwa. Uso wa modeli hupoa ghafla, na unyevu uliojaa hewani hutua juu yake kama jasho linavyotua kwenye gilasi ya maji ya barafu. Unyevu huo ukinaswa ndani ya vanishi, ndio weupe. Miongozo niliyokuwa nikiisoma iliandikwa na watu wenye vyumba vya hewa kavu, hawakuwa na haja ya kulieleza jambo hili kwa urefu. Sisi tunayo haja. Kwa hiyo humu nitapita hatua zote, tangu kufungua boksi mpaka kuweka kabatini, na kila hatua nitaipima kwa hewa yetu wenyewe: joto, unyevu na chumvi ya bahari.

Skeli, na modeli ya kuanzia

Modeli huja ndani ya boksi ikiwa vipande vipande, kila kipande kimeshikana na fremu ya plastiki, pamoja na karatasi ya maelekezo na stika za maji. Kitu cha kwanza kusoma juu ya boksi ni skeli. 1/72 maana yake kitu halisi ni kikubwa mara 72 kuliko utakachokishika mkononi. Kipimo hiki kilitokana na hesabu ya Kiingereza ya inchi moja kwa futi sita. 1/48 ni robo inchi kwa futi moja. 1/35, inayopendwa kwa vifaru na magari ya jeshi, haina hesabu nzuri kama hizo. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota ndani, ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi ya betri na mota, na kilipopimwa kikaonekana ni karibu 1/35. Wengine wakafuata, na skeli hiyo ikaenea dunia nzima.

Kujua modeli itakuwa na ukubwa gani, gawa urefu wa kitu halisi kwa skeli. Land Rover ndefu inayoitwa 109 (nambari hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) ina urefu wa karibu mita 4.44. Kwa 1/24 inakuwa sentimita 18.5, kwa 1/35 sentimita 12.7. Ndege ya Spitfire ya mwanzo ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Kwa 1/72 ni sentimita 15.6.

Kwa anayeanza nashauri gari la 1/24 lenye vipande mia moja hivi. Ndege ndogo huunganishwa upesi, lakini mwili wake una mshono mrefu juu na chini, na mshono huo ndio unaowakatisha watu tamaa. Meli za 1/700 zina vipande kama punje za mchele, nazo zisubiri. Humu nitafuata Land Rover, kwa sababu ni gari tunalolijua. Matope yake tunayajua, inavyochakaa tunajua, na ukikosea utaliona kosa mwenyewe.

Boksi lenyewe ni jepesi, na ndugu anayesafiri hulibeba bila tabu. Usimbebeshe gundi ya modeli wala makopo ya kupuliza. Vitu hivyo vinashika moto na haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Viagize kwa mzigo wa meli, au makopo uyatafute kwenye maduka ya rangi za magari.

Meza

Huhitaji chumba. Meza karibu na dirisha yatosha, iwe mbali na jiko, kwa sababu gundi na tina (kiyeyushi cha rangi) hutoa mvuke unaowaka. Watoto wadogo wasikae hapo wakati chupa ziko wazi, na dirisha lisifungwe.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: koleo ndogo ya kukatia nyaya, ile ya mafundi redio, kisu chembamba cha wembe wa kubadilisha, kibano, msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, brashi tatu, moja ya ncha nyembamba, moja ya kati na moja bapa. Kipande cha kigae cha sakafu ndicho ubao wa kukatia. Vibanio vya nguo vitashika vipande vinavyokauka gundi. Nunua na fungu la vijiti vya mishikaki: kila kipande kidogo kitabandikwa kwenye ncha ya kijiti kabla ya kupakwa rangi, kisha kijiti kitachomekwa kwenye kopo la mchanga kikauke bila kuguswa.

Nyembe zetu hushika kutu zikiwa bado ndani ya pakiti. Zipake tone la mafuta ya cherehani na uzifunge kwenye kichupa. Kabla ya kukata, futa mafuta yote, maana rangi haishiki palipo na mafuta.

Na tafuta kawa safi. Nimejaribu vifuniko vya kila namna na sijaona kilichoizidi. Ndoo ya plastiki iliyofunikwa juu ya rangi mbichi hufungia unyevu ndani. Kawa huzuia vumbi na nzi, na hewa inapita kwenye ukili. Ikung'ute nje kwanza, kisha iweke juu ya modeli bila kuigusa.

Kuosha na kuchambua

Vipande vikitoka kiwandani huwa na mafuta kidogo yaliyosaidia kuvitoa kwenye kalibu. Osha fremu zote kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, suuza, zianike kwenye taulo kivulini. Juani juu ya bati usithubutu. Plastiki hii ni polistirini, na vipande vyembamba hupinda kwa joto.

Sasa kukata. Aliyewahi kuchambua karafuu atanielewa: ukilivuta tumba kwenye konyo lake kwa pupa, kichwa kinabaki mkononi. Kipande cha modeli usikivute wala usikisokote. Kata mara ya kwanza mbali kidogo, ukiacha kijiti cha milimita mbili. Kata mara ya pili karibu na kipande, upande bapa wa koleo ukielekea kipande. Kinachobaki kichonge kwa kisu, ukisogeza wembe mbali na kidole, halafu malizia kwa msasa namba 600. Usikate vyote siku moja, kwani namba za vipande zimeandikwa kwenye fremu, na kipande kisicho na namba ni yatima.

Kabla ya gundi yoyote, jaribisha vipande vikavu. Vishike pamoja, tazama mwanga unapenya wapi, chonga, rudia. Hatua hii inachosha na ndiyo inayotenganisha modeli nzuri na mbaya kuliko rangi yoyote.

Gundi

Gundi ya modeli haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili za plastiki zikaungana kuwa kitu kimoja, na ikishakauka mshono wake una nguvu kama plastiki yenyewe. Iko ya aina mbili: nzito, inayopakwa kwenye kipande kabla ya kukibandika, na nyepesi kama maji, yenye brashi ndogo kwenye kifuniko. Chukua nyepesi. Shika vipande viwili pamoja vikiwa vikavu, gusa mshono kwa ncha ya brashi, na utaiona gundi ikikimbia yenyewe ndani ya ufa mpaka mwisho. Subiri kama sekunde kumi, kisha bana kidogo. Uzi mwembamba wa plastiki laini utajitokeza juu ya mshono, na huo ni ishara njema. Usiuguse leo. Kesho utakuwa mgumu, uuchonge, na mshono utapotea.

Chasisi ya Land Rover iunganishe juu ya kigae kilichonyooka, na kabla gundi haijakauka tia magurudumu kwa muda uone kama yote manne yanagusa. Likining'inia moja, nyonga chasisi taratibu, weka kitabu kizito juu, uiache usiku kucha.

Supaglu pia ina kazi yake, khasa kwa vipande vya chuma au mshono usiopatikana kwa gundi ya modeli. Lakini supaglu hukazwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo hapa kwetu hushika kabla hujasema bismillahi. Tia tone kwenye kipande cha bati, lichukue kwa ncha ya sindano. Chupa ihifadhiwe imefungwa vizuri ndani ya friji, na ukiitoa isubiri ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, vinginevyo utaingiza jasho ndani na itaganda. Karibu na vioo usiitumie kabisa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki ang'avu, na ukungu huo huzidi hewa inapokuwa na maji mengi. Vioo vya gari vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Gundi ya mabomba ya maji iache dukani. Inakula plastiki kupita kiasi.

Ufa ukibaki, uuzibe kwa puti ya kujitengenezea. Katakata vipande vidogo vya fremu, vitie kwenye kichupa cha kioo chenye gundi nyepesi kidogo, funga, uache mpaka kesho yake. Utapata uji mzito wa plastiki ileile. Upake kwenye ufa, ukauke siku mbili, piga msasa. Ukiwa na haraka, tone la supaglu lililochanganywa na poda ya mtoto hujaza ufa kwa dakika chache, ila lipige msasa ndani ya nusu saa, kwani likikaa huwa gumu kuliko plastiki inayolizunguka. Msasa utumie na maji, uanze na 400 na kupanda. Jicho hudanganya juu ya plastiki tupu, kwa hiyo pitisha ukucha juu ya mshono: ukikwama, kazi haijaisha.

Hapo hapo nikutajie hazina moja. Baadhi ya vikombe vya mtindi vya dukani vimetengenezwa kwa polistirini. Tazama chini ya kikombe, pembetatu yenye namba 6. Vinakubali gundi ya modeli. Makasha magumu ya sidii pia ni polistirini, tena ang'avu. Kioo cha mlango kilichopotea nilikikata kutoka kwenye kasha la sidii ya taarabu.

Kuisoma hewa

Hili ndilo la kuzingatia kuliko yote. Pemba tuna mvua nyingi kuliko Unguja, na mwaka wetu wa kazi lazima uufuate mwaka wa mvua. Masika, Machi mpaka Mei, ni wakati wa kuosha, kukata, kuunganisha na kupiga msasa. Kusi likishashika, Juni mpaka Septemba, hewa hupoa na hukauka zaidi, na huo ndio msimu wa kupuliza, ila upepo una vumbi, kwa hiyo fanya upande wa nyumba uliokingwa. Vuli huja na kuondoka. Ichukue siku kwa siku. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa Disemba mpaka Februari, lina jua kali linalofaa kupuliza mchana na linaloudhi kwa brashi.

Maana joto lina yake. Unyevu huwa mwingi usiku na alfajiri, hupungua jua likipanda. Kupuliza, iwe praima (rangi ya msingi inayotangulia), rangi au vanishi, fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kupaka kwa brashi ni kinyume chake: saa sita mchana rangi ya akriliki hukauka juu ya nywele za brashi kabla haijafika kwenye mlango wa gari. Paka baada ya alfajiri au baada ya alasiri.

Kama una kipima unyevu kidogo, vizuri. Mimi kikizidi 75 katika mia sipulizi vanishi. Kama huna, unacho kipimo cha kale. Siku ambayo bibi angetandaza majamvi ya karafuu uwanjani akaingia jikoni bila kutazama nyuma, siku hiyo puliza. Siku ambayo angemwachia mtoto kazi ya kuangalia mawingu, piga msasa.

Mwenye kiyoyozi naye ajihadhari. Modeli iliyopoa chumbani, ikitolewa nje ghafla, hutoka jasho. Iache nje nusu saa kabla ya kupuliza.

Rangi

Rangi ziko za aina tatu. Akriliki huyeyushwa kwa maji au spiriti, hazina harufu kali, na ndizo za kuanzia. Enameli huyeyushwa kwa tapentaini, hukauka polepole. Za makopo madogo, zile wanazotumia wachoraji wa Tingatinga, zinafaa kwa sehemu kubwa, ila zichuje kwa kipande cha soksi ya nailoni kwani chembe zake ni nene kwa kazi ndogo. Laka ndizo kali kuliko zote. Kanuni ya kupanga ni moja: kali chini, pole juu. Laka ikipakwa juu ya enameli huikunja kama ngozi ya maziwa.

Soma pia kichupa kinataka nini. Akriliki za Tamiya huyeyuka vizuri kwa spiriti ya aisopropili, lakini za kampuni ya Vallejo ukizitia spiriti hugandamana, zinataka maji au kiyeyushi chake. Na tina isiyo na jina usiiamini. Niliwahi kuuziwa chupa bila karatasi, nikaambiwa ni tapentaini. Ilikuwa na harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Niliipitisha kwenye mlango wa gari, na mlango ukalainika kama halua, alama ya kidole changu ikabaki. Kila kimiminika kipya kijaribu kwanza kwenye fremu tupu, ungoje dakika tano.

Anza na praima ya kijivu. Inashika plastiki, na inafichua mikwaruzo uliyodhani umeimaliza. Kopo lishike sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye modeli. Anza kupuliza pembeni, pita juu ya modeli bila kusimama, malizia pembeni. Mara tatu nyepesi, dakika kumi kati yake. Puliza nje au dirishani, pua imefunikwa barakoa.

Kwa brashi, rangi iwe kama tui la pili. Ikiwa kama tui la kwanza itaacha michirizi ya nywele. Mkono wa kwanza utaonekana mbaya, plastiki inachungulia kila mahali, na mtu hutamani kurudia palepale. Usirudie. Ngoja ikauke kabisa, paka wa pili kwa kukingamisha wa kwanza, kisha wa tatu. Njano na nyekundu hazizibi. Zitangulizie nyeupe au waridi.

Ndani kwanza: viti, usukani, sakafu. Mwili wa Land Rover paka kijani kilichoiva, paa na rimu rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Mpaka kati ya rangi mbili uuzuie kwa tepu ya karatasi. Ibandike kwanza mgongoni mwa mkono ipunguze ukali, kisha kwenye modeli, kandamiza ukingo kwa ukucha. Iondoe siku hiyohiyo ukiikunja juu yake yenyewe. Ikilala kwa joto letu, gundi yake huhamia kwenye rangi.

Ukifika wakati wa kutaka bunduki ndogo ya kupulizia, tumia msukumo wa psi 15 hadi 20 na ufunge mtego wa maji kwenye mpira wa hewa, kwani hapa kompresa hukusanya maji kweli kweli. Umeme ukikatika, tairi la akiba la gari lenye kiunganishi cha mpira litakumalizia kazi. Wapenzi wa zamani walitumia hivyo kabla kompresa hazijawa rahisi.

Stika za maji

Stika hupenda uso unaong'aa. Zikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini na kuonekana kama fedha. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa kwanza, ikauke siku moja. Kata stika moja, itie majini sekunde 20 au 30, itoe, ingoje ilegee yenyewe kwenye karatasi, kisha itelezeshe kwenye mlango uliokwishalowana. Isogeze kwa brashi mpaka mahali pake, na maji uyanyonye kwa pamba. Ikigoma kulala juu ya mkunjo, tone la siki nyeupe iliyochanganywa na maji huilainisha.

Karatasi ya stika ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, maana unyevu huiharibu mapema. Ikiwa imegeuka manjano kwa uzee, iweke kwenye mfuko ang'avu, ibandike kwenye kioo cha dirisha siku kadhaa. Jua litaing'arisha.

Uchakavu wa kweli

Nilipoimaliza ya pili, niliipaka kutu milangoni na kwenye madigadi, nikaona nimefika. Mjomba alikuja baada ya swala ya Ijumaa, naye aliendesha Land Rover miaka mingi. Aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole mlangoni, akaniuliza:

"Mjomba, kutu hii umeitoa wapi? Hili bati ni alumini. Halishiki kutu."

Akaipindua juu chini.

"Kutu iko huku. Chasisi. Na hapa chini ya kioo, kwenye pembe. Na bampa."

Ni kweli. Mabati ya mwili wa Land Rover hizo, ikiwemo Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ni ya aloi ya alumini; chasisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Kwa hiyo rangi ikibanduka mlangoni inaonesha kijivu cha fedha iliyofifia. Chovya kipande cha sponji ya godoro kwenye rangi hiyo, kikaushe karibu chote kwenye karatasi, kisha gusagusa kingo za milango, boneti na pale watu wanapoweka mguu kupanda. Kidogo tu.

Kutu ya chasisi na bampa ifanye kwa chumvi. Paka kahawia, ikauke. Lowesha kidogo kwa maji, nyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa, chembe kubwa na ndogo, ikauke. Puliza nyeusi juu. Baada ya saa moja sugua kwa mswaki wenye maji; chumvi itaondoka na rangi iliyo juu yake, kahawia itatokeza kwa madoa yasiyo na mpango, kama kutu yenyewe. Fanya yote mchana mmoja wa jua. Chumvi iliyoachwa ilale itavuta maji na kuyeyuka, na iliyobaki bila kusuuzwa itaendelea kutoa jasho chini ya vanishi.

Kwa mistari kati ya mabati, yeyusha rangi ya mafuta ya kahawia nyeusi kwenye tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi. Gusa mstari kwa brashi nyembamba, utaona ikitambaa. Baada ya nusu saa futa iliyozidi kwa pamba, ukivuta kutoka juu kwenda chini kama mvua inavyoshuka.

Vumbi lichukue shambani. Udongo wetu mwekundu ukaange kwenye kikaango kikavu mpaka usiwe na unyevu, vinginevyo utaota ukungu kabatini. Uchekeche kwa kitambaa chepesi cha mtandio mara mbili. Changanya na tapentaini kidogo, paka nyuma ya magurudumu, chini ya milango na kwenye springi, ukikauka ufute kwa kidole mpaka ubaki pembeni na mafichoni. Kioo cha mbele kiachie nusu duara safi ya waipa. Paa lipate kidogo kuliko yote.

Vanishi na kabati

Vanishi isiyong'aa ndiyo ya mwisho, na ni nyembamba, mara mbili, saa za jua. Vioo vizibe kwa tepu au uvibandike baada ya kupuliza. Kabati liwe la vioo, lisipigwe na jua, na mlango wake ukae vizuri, kwani mijusi kafiri wana desturi ya kupumzika juu ya paa la gari. Weka humo vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila masika yakiisha toa modeli zote, zipulize vumbi, zipanguse kwa brashi kavu laini ya vipodozi. Hewa ya bahari huacha utando wa chumvi hata nyuma ya kioo.

Kama modeli yako imekwisha kuwa nyeupe, usiifute, usiikwaruze. Ile yangu niliifunika kawa Aprili nikaiacha. Asubuhi moja ya Juni, kusi linavuma na mbingu haina hata wingu la kuazima, niliitoa ukumbini saa nne, nikaiacha kwenye kivuli chepesi ipate joto, kisha nikapuliza vanishi ya kung'aa, mkono mmoja mwepesi. Weupe ulianza kuondoka kwenye ukingo wa boneti, ukafuata milango, kijani kikarudi palepale nikikiangalia. Niliiacha siku mbili, nikapuliza isiyong'aa saa sita mchana. Ndiyo iliyo rafu ya juu, upande wa kushoto.